Harufu Iliyolala kwenye Sufu

Siku ya harusi yake Delfina Bertolotto hakujipaka manukato. Dada zake walimsimamia chumbani na vichupa mkononi, wakambembeleza, wakamtukana, mwisho wakanuna, naye akaenda kanisani ananuka sabuni ya kufulia tu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu alitakiwa kazini, na kazi yake ilikuwa pua.

Alikuwa mkaangaji wa kakao kwenye karakana ya chokoleti ya akina Vassarotti, mjini Torino, Italia, upande wa pili wa reli. Miaka ishirini na sita alisimama mbele ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto. Kila baada ya muda mfupi alichomoa kijiko kirefu ubavuni mwa pipa, akakileta puani, akakirudisha. Mbegu za kakao zikipata moto hunuka siki kwanza. Siki ikiisha huja mkate, baada ya mkate majani makavu. Halafu ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha ndani, huja harufu nzito, nyeusi, yenye ukali wa pilipili kwa nyuma. Hapo ndipo pipa hufunguliwa na mbegu zikamwagwa. Ukiwahi, mbegu ni mbichi na chokoleti itakuwa chachu. Ukichelewa kwa muda wa kusali Baba Yetu moja, umekaanga mkaa.

Mtu wa kazi hiyo ana miiko yake. Havuti sigara. Hanywi kahawa kabla ya pipa la kwanza. Hajipaki kitu mwilini. Na zaidi ya yote, hali bagna cauda, ile sufuria ya vitunguu saumu na dagaa wa chumvi inayotokota katikati ya meza wakati wa baridi, kila mtu akichovya kabichi yake humo. Anayeila hunuka siku mbili nzima, ndiyo maana huliwa na wote mezani, au haipikwi kabisa. Asiyechovya amewaambia wenzake kwamba wananuka. Delfina alikaa kwenye pembe ya meza hizo na mkate wake na yai la kuchemsha, kila mwaka.

"Delfina wetu atakula Agosti," shemeji yake alipenda kusema, na watu wakacheka, kwa kuwa Agosti karakana hufungwa, na hakuna mwenye akili timamu anayekula kitu kile wakati wa joto.

Delfina naye alicheka. Mumewe hakucheka. Alipoondoka na kumwachia binti wa miaka tisa, alisema neno moja tu mlangoni: "Nimechoka kulala na gunia."

Maana harufu alikuwa nayo. Moshi wa kakao ulikuwa umemwingia kwenye nywele na kucha, na hakuna sabuni iliyouweza. Mwenyewe hakuisikia, pua ya mtu huzoea cha kwake. Lakini binti yake Noemi aliisikia. Shuleni waliokaa naye dawati moja walimuuliza kama mama yake humpika kabla ya kumleta. Noemi alipokua akaenda kuuza manukato kwenye duka la fahari chini ya matao ya mjini, mahali ambapo wateja huvua glovu taratibu na hawaulizi bei. Delfina hakuhitaji kuelezwa kwa nini binti yake alichagua kazi ile.

Na mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, mama na binti waliacha kusemezana.

Noemi alikuwa amechumbiwa na kijana anayeitwa Ivano. Wazazi wa Ivano wakaalika. Mama mtu alitoa sufuria yake ya udongo, ile ya kurithi, akapika bagna cauda ya kuwapokea wageni, maana kwa watu wale kumchovyesha mtu kwenye sufuria yako ni kumwita ndugu. Ilikuwa Jumapili. Delfina akatoa yai lake kwenye mkoba.

"Nisamehe mama," alisema. "Kesho nina pipa la kwanza saa moja asubuhi."

Mama yake Ivano akatabasamu kwa midomo tu. "Hapana shaka. Kila mtu na usafi wake."

Noemi alingoja mpaka walipofika barabarani. Hapo akasimama kwenye ukungu, akamwambia, "Jani moja la kabichi, mama. Moja! Hukuweza kunichovyea jani moja?"

"Ni kazi yangu, mwanangu."

"Hiyo pua yako ndiyo mwanao. Mimi ulinilea tu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Delfina alipiga simu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hazikupokelewa. Akawa anashuka tramu kituo kimoja kabla, kupita mbele ya duka la manukato, akamwangalia binti yake kupitia kioo. Alimwona amekonda. Alimwona amekata nywele. Hakuwahi kuingia. Angeingiaje mle na harufu yake?

*

Mwaka uliofuata, majani ya mwisho yalipokwisha kuanguka, Ludovico, mtoto wa mwenye karakana, akaleta mashine mpya ya kukaangia. Ilikuwa na kipimajoto na kioo kidogo chenye namba, na ilikuwa inajifungua yenyewe. Baba yake, mzee Vassarotti, aliizunguka mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe wa kuuziwa.

"Haina pua," mzee alisema.

"Haina mafua pia, baba," Ludovico alijibu. "Haizeeki, na haiumwi shingo."

Shingo ya Delfina ilikuwa ikimsumbua tangu miaka mitatu iliyopita, na kila mtu alijua. Alijifanya anafagia.

Wakakubaliana wapimwe. Jumatatu, wiki ya kwanza ya Desemba, Delfina na mashine wangekaanga kila mmoja pipa moja la mbegu zile zile, kutoka magunia mapya ya Madagaska. Wanunuzi watatu wa zamani wangekuja kuzipasua na kuonja. Mashine ikishinda, Delfina ahamie chumba cha kufungia, akafunge chokoleti kwenye karatasi pamoja na wenzake. "Hapa hatumfukuzi mtu," mzee alisema, na akaangalia kwingine.

Pinuccia wa chumba cha kufungia, aliyekuwa na miaka sitini na ulimi wa ishirini, alimgonga kwa kiwiko wakati wa kubadili nguo. "Usiogope, shoga. Ukija kwetu utajifunza kusengenya. Huko kwenye moto umekuwa bubu."

"Siji kwenu."

"Hiyo ndiyo sauti ninayoitaka."

Lakini Delfina aliogopa. Alihesabu alichokuwa nacho akakuta ni kidogo. Mume hakuwepo na binti hakuwepo. Ndugu walishamzoea kwenye pembe ya meza, na hata angechovya sasa wangeshangaa tu. Kilichobaki ni ile dakika moja, mara nane kwa siku, ambapo chumba kizima kilinyamaza kumngojea yeye aseme "Sasa". Wakimchukulia ile, mtu atakayerudi nyumbani jioni ni nani?

Jumapili, siku moja kabla ya kupimwa, kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Noemi.

Alisimama kwenye ngazi, pua nyekundu kwa baridi, ameshika kimfuko cha karatasi chenye utepe. Hakuna aliyejua aanze vipi. Mwisho Noemi akasema, "Nikaribishe basi, miguu imeganda."

Delfina akamkaribisha. Akaweka maji ya moto, akatoa njugu za kuchoma, akazimenya kwa haraka isiyo na maana. Noemi alieleza kwamba harusi itakuwa Mei. Alieleza kwamba mama yake Ivano ameuliza habari zake. Kisha akausukuma ule mfuko mezani.

"Nimekuletea. Na usiniambie pua, mama. Leo usiniambie pua."

Ndani mlikuwa na kichupa cheusi, kidogo kama yai la njiwa. Noemi akakifungua akampa kifuniko anuse, na Delfina akanusa. Ilikuwa chokoleti, lakini ile chungu, isiyo na sukari, ya dakika ile ile. Ilikuwa na mdalasini kidogo. Ilikuwa na pilipili kwa nyuma. Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu aliyesimama mbele ya pipa kama yeye, akajua kitu kile kile, akakitia kwenye chupa.

"Watu wanaigombania," Noemi alisema, na sauti yake ikawa ya dukani kidogo. "Wanawake wa makoti ya manyoya, mama, wanapanga foleni ili wanuke hivi. Ndipo nikafikiria..." Akaanza upya. "Nilipokuwa mdogo niliona aibu. Sasa nauza aibu yangu kwa matajiri, na kila ninapofungua chupa nakuona wewe. Nilitaka uwe nayo ya kwako. Siyo ya gunia. Ya kwako."

Delfina aliangalia zile njugu. Alijua angepaswa kusema nini. Kesho, mwanangu, kesho ndiyo siku. Lakini mwaka mmoja wa simu zisizopokelewa ulikuwa umekaa pale mezani pamoja nao.

"Inapakwa wapi?" aliuliza.

Noemi akacheka kwa furaha, akawa na miaka tisa. "Siyo ngozini, ngozi yako ina kakao tayari, zitagombana. Kwenye sufu. Hii ni ya baridi, mama. Kiangazi inamkaba mtu. Wakati wa baridi, ukiwa nje inalala kama paka. Ukiingia ndani penye moto inaamka." Akachukua skafu ya mama yake, ile ya sufu ya kahawia, akainyunyizia mara tatu, akamfunga shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Wakatoka wakatembea mpaka mtoni na kurudi, wameshikana mikono, na Delfina hakusikia harufu yoyote isipokuwa baridi. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote za miaka mingi.

Noemi alilala pale. Kabla ya kulala Delfina alijisugua shingo na mikono kwa pumba za ngano mpaka ngozi ikawa nyekundu. Skafu akaitundika nje barazani. Asubuhi ilikuwa imekakamaa kama samaki mkavu, na alipoiweka puani ilinuka barafu tu. Akaivuta tena, akaivuta mara ya tatu. Barafu.

*Imetoka*, alijisemea. Yeye, aliyekuwa ameishi kwa kujua moto hufanya nini kwa harufu iliyolala, alijisemea imetoka, kwa sababu alitaka iwe imetoka. Noemi alikuwa mlangoni anamngoja na ile skafu ameinyoosha kwa mikono miwili.

"Shingo yako," binti alisema, akamfunga.

*

Wanunuzi walikuwa wanaume watatu wenye makoti mazito, na chumba cha kukaangia kiliwatoa jasho mara moja. Siku zote Delfina aliacha skafu kwenye kabati la nguo, na siku ile pia aliiacha. Lakini Ludovico, kwa adabu, akafungua mlango mkubwa wa uani ili wageni wapate hewa, na upepo wa kutoka milimani ukaja moja kwa moja mgongoni mwa Delfina.

Mashine ilikaanga kwanza. Ilivuma, ikalia mlio mdogo, ikajifungua. Mbegu zikamwagika, zikakorogwa zipoe, zikafunikwa.

Delfina akawasha pipa lake. Siki ikaja. Akachomoa kijiko, akakirudisha. Shingo ikaanza kumkaza, na akawa anainamisha kichwa upande mmoja. Pinuccia, aliyekuwa amejipenyeza kutazama pamoja na wenzake wa kufungia, akaona. Akaenda mbio kabatini akarudi na skafu.

"Jifunge, utageuka sanamu," alinong'ona. "Ile mashine haina shingo, wewe unayo."

Delfina akajifunga bila kutazama. Macho yake yalikuwa kwenye pipa. Mkate ukaja. Joto la chuma lilimpiga kifuani na usoni, na upepo ukampiga mgongoni, na katikati yake ile sufu ikaanza kupata moto taratibu.

Ile harufu ilimjia kabla ya majani makavu kufika. Nzito, nyeusi, pilipili kwa nyuma. Akashtuka. Mapema hivi? Akachomoa kijiko, akakileta puani, na kijiko na shingo vikawa mahali pamoja. Ilikuwa pale pale, kamili. Kulikuwa na mdalasini, na kakao haina mdalasini. Hilo alilisikia. Alilisikia vizuri, na alilikumbuka miaka yote baadaye. Lakini magunia yalikuwa mapya, ya Madagaska, na huenda mbegu za huko ndivyo zilivyo. Wanaume watatu walikuwa wanamtazama. Na kwa kuwa alikuwa amejaa hofu ya kuchelewa, ya kuunguza mbele za wageni, ya kucheka kwa Ludovico, hofu ikamwambia kile ilichotaka kumwambia.

"Sasa," alisema.

Mzee Vassarotti aliinua kichwa. Hakuwa na pua kama ya Delfina, lakini alizaliwa juu ya karakana ile. "Una hakika, Delfina?"

"Sasa, nimesema."

Akafungua. Mbegu zikamwagika. Na zilipoanguka kwenye sinia, mvuke wake ukampanda usoni, nao ulikuwa wa mkate. Mkate, na siki kidogo.

Hakuna aliyehitaji kuonja, ila walionja kwa heshima. Mnunuzi mmoja alipasua mbegu kwa kucha, na ndani ilikuwa ya zambarau, mbichi. Akaitafuna, akakunja uso, akaiweka kando. Ludovico hakucheka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyeteleza kanisani.

"Hutokea," mzee alisema. "Hutokea kwa kila mtu, mama." Hakuwahi kumwita mama katika miaka ile yote. Alikuwa akimwita Delfina.

Kwenye chumba cha kubadili nguo, Pinuccia alimshika ili kumkumbatia, akasita katikati. Akanusa. Akainusa skafu, akamnusa tena.

"Shoga. Unanuka duka la manukato."

Delfina akaifungua skafu shingoni.

"Mungu wangu, ni hiki! Ndicho kilichokudanganya! Nami ndiye niliyekuletea." Pinuccia alikuwa amegeuka mweupe. "Rudi uwaambie. Sasa hivi, kabla hawajaondoka. Mzee atakupa pipa jingine, anakupenda yule. Waambie ulijisahau, ulivaa manukato, binti yako alikupa..."

"Nyamaza."

"Kwa nini ninyamaze?"

"Kwa sababu nikiwaambia, kesho mtaa mzima unajua. Na keshokutwa Noemi anajua."

"Na ajue! Ni mtu mzima."

"Ajue nini, Pinuccia? Kwamba mwaka mzima hakunijia, na siku aliyokuja akaniletea zawadi, zawadi yake ikanimaliza?" Alikunja skafu mara nne, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo. "Hatanifungia tena kitu shingoni. Atafikiri hata upendo wake kwangu ni kosa la kazi. Niapie kwamba hutasema."

Pinuccia aliapa. Aliapa kwa uchungu, lakini alitunza kiapo, jambo ambalo hakuna mtu angelitarajia kwake.

Jioni simu ililia kabla hajavua viatu.

"Mama! Uliivaa?"

"Niliivaa."

"Na waliisikia?"

Delfina alikaa kitini. "Waliisikia, mwanangu. Wote."

"Nilijua! Nilikwambia, ukiingia penye moto inaamka." Noemi alikuwa anacheka. Ndipo Delfina akamwambia, kwa kifupi, kama habari ya mtu wa jirani, kwamba karakana imenunua mashine na yeye anahamia chumba cha kufungia. Alingoja. Alingoja kusikia pole, au hata ukimya wa mtu anayeelewa.

"Lakini hiyo ni heri, mama!" Noemi alisema. "Si umeokoka? Sasa utanuka kama watu. Na bagna cauda utakula. Nampigia mama yake Ivano sasa hivi."

"Mpigie," Delfina alisema.

*

Alichovya Jumapili iliyofuata. Walimpa kabichi na pilipili hoho, na walipoona anachovya, meza nzima ikapiga makofi, na mama yake Ivano akamjazia divai kwa mkono wake. Delfina alitafuna. Alitegemea kitu cha ajabu, kwa kuwa alikuwa amekikataa nusu ya maisha yake. Kilikuwa na chumvi nyingi.

Noemi alimkumbatia mlangoni, wote wawili wakinuka saumu. Tangu siku ile simu zilikuwa zinalia kila jioni. Kila alipokuja alimnusa mama yake shingoni, na Delfina alihakikisha ile harufu ipo, ya chokoleti chungu na mdalasini, mara tatu kwenye sufu kama alivyofundishwa. Kwenye tramu wanawake waligeuka. Mmoja alimuuliza inaitwaje. Chumba cha kufungia wenzake walimsifu, isipokuwa Pinuccia, ambaye alihamisha kiti chake akae upande wa pili wa meza, na Delfina hakumuuliza kwa nini.

Kila asubuhi, kabla ya kuingia, hupita chini ya bomba la moshi la karakana, pale ukutani. Mashine inakuwa kwenye pipa la kwanza. Husimama na kuinua uso, apate kujua kama itafungua kwa wakati. Kwenye baridi kali hasikii kitu. Kisha moshi wa joto humshukia, sufu inapata moto, na ile harufu nyeusi inakuja yote kwa pamoja, nzito, na pilipili kwa nyuma, naye hasimami muda mrefu wa kutosha kuweza kusema kama imetoka bombani au shingoni mwake.

Huingia ndani, hutundika skafu kabatini, huketi mezani, na huanza kufunga.